Mashua Niliyoiita Nyumba

Mimi ni mpima ardhi, na kwetu Gusii hiyo ni kazi ya kutukanwa. Juma zima niko kwenye shamba la mtu, katikati ya ndugu wawili wanaogombania ukanda wa ardhi usiotosha hata mistari miwili ya migomba, na mama yao amekaa kando anajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Kigingi kikisogea huku, nimehongwa. Kikisogea kule, nimelogwa. Ikifika Ijumaa jioni masikio yamejaa na ulimi umekuwa mchungu, na mtu akinisalimu naitikia kama ninayedaiwa. Ndiyo maana nilipopata mashua sikuipendea uvuvi. Niliipenda kwa sababu ziwani hakuna kigingi.

Niliipata kwa mhandisi mmoja mstaafu aliyekuwa akihama. Ilikuwa ndogo, urefu wa hatua nane hivi, ina tanga moja na injini ya kusaidia upepo ukigoma. Kwa mbele ilikuwa na chumba cha kuingia umeinama, ndani mna godoro, rafu, na jiko la gesi la kichwa kimoja. Niliiweka kwenye ufuo mmoja karibu na Kendu Bay, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Kisii mjini ninakoishi. Ofisini walinicheka mpaka wakachoka. Mgusii na maji wapi na wapi? Sisi ni watu wa milima, maji tunayajua yakiwa kwenye mtungi. Na kweli hata leo sijui kuogelea. Nilikuwa nikivaa jaketi la kuelea tangu ninapofungua kamba mpaka ninapoifunga tena, na sikuona aibu.

Kitu nilichokuwa nikitafuta kila Jumamosi ni mahali patulivu pa kutia nanga. Mwenzangu anaweza kudhani ziwa ni pana, tia nanga popote. Hapana. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukakusukuma nje vizuri tu, lakini ikifika adhuhuri unageuka, unakuja kutoka magharibi ukiwa na hasira, na ukiwa umekaa mahali palipo wazi utajuta. Kwa hiyo nilikuwa nikishusha tanga, nafuata ukingo polepole kwa injini, nikitafuta mkono wa ardhi au jabali la kuupa upepo mgongo. Nikipaona, nashusha timazi yangu ya kazini, ile ya kamba na risasi, niliyoifunga vifundo kila hatua. Chini ya risasi nabandika kipande cha sabuni ili kiniletee habari za huko chini. Mchanga ukija, vizuri. Tope likija, si haba. Sabuni ikirudi imekwaruzwa tu, ni mawe, nanga haitashika, naendelea na safari. Mahali pakinipendeza nalinganisha mti na jiwe la nchi kavu, nakaa saa nzima nikiangalia kama mstari ule unapinda. Usipopinda, mashua haijasogea, na mimi navua viatu.

Sehemu hizo nilizichora kwenye daftari, na kwa kuwa hazikuwa na majina niliyoyajua, nilizipa majina ya nilichokula siku ya kwanza. Ghuba ya Viazi ilikuwa nyuma ya kisiwa kidogo cha mawe kilichopakwa chokaa na kinyesi cha ndege wale weusi, minandi. Palinuka, lakini maji yalilala kabisa. Ya Mahindi ilikuwa chini ya mteremko wenye mtini mkubwa uliotia kivuli mpaka majini. Ya Ndizi niliifuta baada ya kiboko kuibuka hatua chache kutoka nilipokuwa nikiosha sufuria. Iliyozidi zote niliiita Ghuba ya Wimbi, kwa ajili ya uji wa wimbi niliokunywa humo, na lile jina lilinichekesha mwenyewe, maana wimbi la maji halikuwepo hata moja. Mlango wake ulikuwa mwembamba, katikati ya majabali mawili, umefichwa na mafunjo kiasi kwamba ukipita nje unaona ukingo umefunga. Ndani maji yalikuwa ya kijani kilichoiva. Furukombe mmoja alikaa juu ya tawi kavu akanitazama nikiingia, wala hakujisumbua kuruka.

Nilipaona mahali pale mara ya kwanza nikakaa kimya mpaka nikasikia damu yangu masikioni. Nilifurahi kama mwizi. Na mtu akifurahi hivyo, mara nyingi kuna mtu aliyemwacha nyumbani.

Mke wangu ni mwalimu wa sekondari hapa mjini. Aliniomba twende naye mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia jaketi la kuelea ni moja tu. Akanunua la pili, akalileta limefungwa kwenye gazeti. Nikamwambia kule hakuna choo, atateseka. Hakuomba tena, na lile jaketi lilikaa juu ya kabati. Ukweli ni kwamba nilitaka ule ukimya uwe wangu peke yangu. Yeye si mtu wa maneno mengi, hangenisumbua. Nilimnyima tu, kama mtoto anavyoficha muwa.

Sasa mwanamume akitoka kila Jumamosi kwenda ziwani, kijiji hakikosi la kusema. Kwetu ni upande wa Ekerenyo, na Desemba tulikuwa tumekusanyika kwa baba, wanaume sebuleni, wanawake jikoni. Binamu yangu mmoja, mtu wa mdomo, akaweka kikombe chini akaniuliza mbele ya wote, “Hebu tuambie, huyo samaki wako wa kila Jumamosi ana miguu mingapi?”

Watu walicheka. Baba hakucheka. Aliinamisha macho sakafuni, na mimi nikaona uso wake umefunga. Nikasema haraka, “Mimi siendi peke yangu. Ile mashua ni nyumba ya mama watoto.”

Lazima nieleze nilichokuwa nimesema. Kwetu nyumba ni ya mke. Mwanamume ana boma, ana shamba, lakini enyomba, mahali palipo na jiko na kitanda, ni ya mwanamke. Nilipotamka vile nilikuwa nimesema kwa adabu kwamba mke wangu hulala humo pamoja nami, bila kutaja kulala. Kila mtu alielewa. Binamu akachukua tena kikombe chake, mzee mmoja akaguna kwa kuridhika, na baba akainua macho. Kutoka jikoni sauti ya mke wangu ilikuwa ikisikika. Sijui kama alisikia yangu.

Na nyumba ya mke wa mwana, baba mzazi haingii. Hiyo ndiyo tunayoita ensoni, yaani haya na heshima kati ya wazazi na watoto. Baba hamwoni mwanawe akioga, hasemi mambo ya kitandani mbele yake, wala havuki kizingiti cha nyumba anamolala na mkewe. Siku hizi wengi wamelegeza. Wazee wanakuja mjini, wanakaa sebuleni, wanatazama televisheni. Baba yangu hakulegeza. Akija kwetu Kisii mke wangu humpelekea chai kwenye roshani, mvua ikinyesha anasogeza kiti ukutani, na akimaliza anaita mtu amrudishie kikombe ndani.

Mwezi wa tatu baba mwenyewe alinijia na ombi. Maisha yake yote alikuwa akiliona ziwa kwa mbali kutoka juu ya mlima, siku za anga safi, mstari mweupe tu upande wa machweo. Alikuwa amechuma majani chai akiuangalia mstari ule tangu ujana. “Nataka nikaguse,” akaniambia. “Nisije nikafa nikiwa nimeliona tu kama picha ya kalenda.”

Nilifurahi sana, kusema kweli. Nilimpeleka Jumamosi iliyofuata, yeye amevaa koti lake la kanisani na kofia, na juu yake lile jaketi la mke wangu kutoka kabatini. Alikaa nyuma ya mashua, mkono mmoja majini, muda mrefu. Nilimwonyesha timazi na sabuni. Alicheka alipoona sabuni imeleta mchanga. “Kumbe hata huku chini kuna shamba,” akasema. “Ngoja watu wetu wajue, watakuita upime.”

Nilimpeleka Ghuba ya Wimbi. Sikuwahi kumpeleka mtu. Tulipopita katikati ya mafunjo na maji yakafunguka mbele yetu, baba alivua kofia kama anavyoivua mlangoni mwa kanisa. Nikatia nanga. Nikamenya viazi vitamu alivyofungiwa na mama, nikachemsha chai kwenye jiko la ndani, nikampitishia kikombe mlangoni. Alikunywa akiangalia mafunjo, akiangalia ndege. Baadaye akaniambia, “Momura one, hapa mtu anaweza kusikia anachofikiria.” Momura one ni kijana wangu. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, na nilijisikia vizuri kama niliyepewa zawadi shuleni.

Mawingu yalikuja saa nane mchana kutoka magharibi, meusi chini, na upepo mbele yao. Nilipanda juu ya paa la chumba kutazama nje nikaona ziwa limechafuka, mawimbi meupe matupu. Kutoka isingewezekana. Ndani ya ghuba tulikuwa salama, nanga ilikuwa imeshika mchanga, mti na jiwe vilikuwa kwenye mstari wao. Tatizo lilikuwa mvua tu. Mvua si kitu ukiwa na paa, na paa lilikuwepo, hatua mbili kutoka alipokaa.

Nikafungua mlango wa chumba. “Tata, ingia.”

Akaangalia mlango, akaangalia godoro, kisha akageuza uso akatazama majini. “Hapana. Nitakaa hapa.”

“Hii mvua ni kubwa, Tata.”

“Nimenyeshewa tangu nizaliwe.” Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga ubao. Nikamsihi tena, nikamshika hata mkono. Akautoa taratibu, bila hasira. “Wewe ulisema mwenyewe ni nyumba ya omokamona. Unataka niingie nyumba ya mke wa mwanangu, nikakae kwenye kitanda chake?”

Pale ndipo ningesema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Tata, nilidanganya, mke wangu hajawahi kukanyaga humu. Yangemtosha. Angeguna, pengine angenisema, kisha angeinama akaingia, maana chumba ambacho mke hajalala ni stoo tu. Nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema.

Nimejipa sababu nyingi tangu siku ile. Nimejiambia kwamba kutaja nani analala wapi mbele ya baba ni matusi. Ni kweli, ni matusi, lakini mwana huweza kupitisha jambo kama hilo kwa njia za heshima, na lugha yetu imejaa njia hizo, ile ile niliyotumia kudanganya ingenifaa kusema ukweli. Sababu ni kwamba niliona uso wake wa Desemba, ulivyofunguka niliposema uongo ule. Nikaona akiusikia ukweli angerudi kujiuliza, basi kama si mkewe, ni nani. Niliogopa kudharauliwa, nikajificha nyuma ya heshima yake mwenyewe.

Nilimfunika kwa kitambaa cha tanga na turubai la injini. Upepo ulichukua turubai mara ya kwanza, ukachukua mara ya pili, nikalifunga kwa kamba kiunoni mwake. Mvua ikaja yote kwa pamoja, na ndani yake mawe ya barafu. Nilikaa naye nje pengine dakika kumi, natetemeka. Akaniambia, “Ingia wewe, ni nyumba yako. Kwa nini tulowe wawili?”

Nikaingia. Hili ndilo linaloniamsha. Niliingia, nikakaa kwenye godoro kavu, mlango wazi, nikawa naangalia mgongo wa baba yangu wa miaka sabini na sita kwa karibu saa mbili. Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni yakiingia ndani ya koti la kanisani. Alikuwa amekumbatia magoti. Mara moja aligeuka akauliza kama humo hakuvuji, nikajibu hakuvuji. Kila dakika nilijiambia nitasema sasa, na kila dakika ilipopita ikawa vigumu zaidi, kwa sababu ningekuwa nimemwacha alowe muda wote huo bure. Mvua ilipokatika alisimama kwa shida, nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu. Hata hivyo alisifu. Alisema ghuba ni nzuri, ila mlango wake unatazama vibaya.

Jumanne alilazwa. Nimonia, mapafu yote mawili. Alikaa hospitalini wiki tatu, na aliporudi nyumbani kifua hakikurudi naye. Hapandi tena mteremko wa majani chai. Kutoka mlangoni hadi choo anapumzika mara moja njiani, ameshika mgomba. Daktari alisema umri pia umechangia, na nilimchukia kwa kunipa njia ya kutorokea.

Kilichonimaliza zaidi ni sifa. Habari ilienea kwamba mzee yule alinyeshewa mvua ya mawe kuliko kuvunja ensoni. Wazee walikuja kumpa pole wakiisimulia upya, kila mmoja akiongeza ukubwa wa mawe. Kanisani ilitajwa kama mfano kwa vijana wasio na adabu. Siku moja tumejaa sebuleni kwa baba, yule binamu wa mdomo akawa anaisimulia kwa mikono, “Akakataa katakata kuingia nyumba ya omokamona!” Mke wangu alikuwa ameingia na birika. Alisimama. Akanitazama kupita vichwa vya watu, sura yake haina hasira, ilikuwa kama ya mwalimu aliyekuta daftari mbili zenye makosa yaleyale. Kisha akamimina chai, kikombe baada ya kikombe, akanifikia na mimi akanimiminia. Nyumbani hakuniuliza. Nilingoja aulize, nikajitayarisha hata kwa ugomvi, lakini hakuuliza. Lile jaketi, lililokuwa limekauka zamani, alilianua kwenye kamba ya nguo, akalirudisha juu ya kabati.

Sikurudi Ghuba ya Wimbi. Mashua ilikaa imevutwa juu ufuoni mwaka mzima na zaidi, mpaka mwezi uliopita nilipoiuza kwa jamaa wa Mbita anayetaka kubebea watalii. Daftari nikampa pia. Nilipanda mpaka Ekerenyo kumwambia mama, nikitarajia nini sijui. Pengine nilitaka anisifu kwa kujinyima.

Mama alikuwa jikoni anachagua maharage kwenye ungo. Baba tulimwona kupitia mlango, kwenye benchi lake uani, amejifunga blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Nikamwambia mama nimeiuza mashua.

“Umeuza nyumba ya mke wako?” akauliza, bila kuinua macho.

Akatoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa nje.

“Nilimuuliza mke wako,” akasema. “Nilitaka kujua huko majini mnapika wapi, maana nilimwonea huruma. Akaniambia, Mama, mimi sijawahi kuiona hiyo mashua hata kwa macho.”

“Lini hiyo?”

“Baba yako akiwa bado amelazwa.”

Nikahesabu miezi. Mara zote nilizokuja kumwona baba, na kila mara aliniuliza habari za ziwa, kama maji yamejaa, kama yule ndege bado anakaa kwenye tawi lake. Nikajibu kila mara, na nyingine nilizitunga, maana nilikuwa siendi tena. Nikamuuliza mama kama baba anajua.

“Nilimwambia siku aliyotoka hospitali. Alikuwa amekaa pale pale.”

“Akasema nini?”

“Alisema, ‘Kumbe ningeingia.’” Mama akatikisa ungo, maganda yakaruka. “Akanikataza nisikuambie. Alisema utaona haya.”